Bibi Harusi Hacheki

Donatus aliuliza swali lake bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta, kama mtu anayekuuliza chai yako iwe na sukari au isiwe nayo.

"Hapa kwenye hali ya ndoa niandike hajaolewa, sawa?"

Nilikuwa nimekaa mbele yake, bega langu likigusana na bega la mume wangu wa ndoa, pete kidoleni. Nikamgeukia Luka nikitegemea acheke, au angalau amkemee huyu bwana kwa utani. Luka alikuwa anatazama feni ya darini.

"Nimeolewa," nikasema mimi.

"Najua, dada Zipora. Si nilikuwepo harusini Didia, nikala pilau yenu?" Donatus akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Ofisi yake ilikuwa stesheneri ndogo karibu na soko la Shinyanga mjini, na karibu kila mtu niliyemjua aliyewahi kupanda ndege kwenda nje alianzia kwenye kiti nilichokikalia. "Lakini fikirini. Mnaomba viza ya matembezi. Ukisema una mume Kanada, tena mwenye ukaazi wa kudumu, tena ana mpango wa kukudhamini uhamie, yule ofisa atajiuliza jambo moja tu. Huyu akifika, atarudi kufanya nini? Atakunyima. Ila ukiwa msichana mfanyabiashara, una mashine yako ya kukoboa mpunga Kagongwa, unakwenda kumtembelea ndugu na kurudi, inapita vizuri."

"Na Luka akija kuniombea udhamini wa mke?"

"Mtasema mlioana baadaye."

"Kwa hiyo tufunge ndoa tena? Tuwaite watu waje kula pilau mara ya pili?"

Donatus alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasubiri mume wangu afungue mdomo, na alipoufungua nilitamani angeuacha umefungwa.

"Andika tu hivyo, Donatus," alisema taratibu. "Ni neno tu."

Nikachukua mkoba wangu nikatoka nje. Kulikuwa na jua la Shinyanga, lile linalokufanya ufumbe jicho moja, na nililishukuru kwa sababu lilinipa kisingizio cha machozi.

Tangu Luka aondoke mara ya kwanza kwenda kazini Kanada nilikuwa nalala na simu chini ya mto. Likizo yake ilikuwa imekwisha, kesho jioni alikuwa anapanda ndege Mwanza, na ombi la udhamini lingeweza kutuweka mbali mwaka mzima na ushee kabla halijajibiwa. Viza ya matembezi ndiyo ilikuwa pumzi yetu katikati. Nilikuwa naitaka kama mtu anavyotaka maji. Lakini niipate kwa kumkana mume wangu, naye akiwa amekaa pembeni yangu anasema andika? Hapana. Hiyo ilinichoma.

*

Tulikuwa tumeazima pikapu ya shemeji yangu Abel. Luka aliendesha, mimi nikageuzia uso dirishani. Tulikuwa tunakwenda Didia kwa shangazi Klara, dada yake baba, ambaye ndiye alikuwa anatunza albamu yetu ya harusi. Udhamini wa mke unadai picha, nyingi kadiri iwezekanavyo, watu wa kule waone kwamba nyinyi kweli ni mtu na mkewe.

"Zipora."

Nikaendelea kuhesabu nguzo za umeme.

"Mama mchele."

Hapo nusura nigeuke. Ni jina alilonipa Geita, na hakuna mtu mwingine duniani anayeniita hivyo.

Wakati ule nilikuwa napeleka mchele kutoka Kagongwa hadi kwenye makambi ya wachimbaji kule Geita. Luka alikuwa fundi kwenye mashine ya kuchoronga miamba, mrefu, mkimya, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Siku ya kwanza alinunua kilo mbili. Kesho yake akanunua tena. Nikahamia upande wa pili wa kambi, akanifuata huko, akapima mchele kwa macho kama mtu anayenunua ng'ombe, akanunua. Kumbe kambi yao ilikuwa na mpishi, na chakula kilikuwa bure. Rafiki yake mmoja ndiye aliyenipasulia siri. "Dada, tafadhali mkubalie huyu jamaa. Chumbani kwetu hakuna pa kuweka miguu, ni mchele mtupu. Panya wameshatuhamia."

Nilipomuuliza Luka kama ni kweli, aliangalia viatu vyake, akasema, "Nilikuwa sijui maneno mengine ya kukuambia. Nilikuwa najua bei ya mchele tu."

Nilimpenda palepale, na mpaka leo nikinusa gunia jipya la mchele moyo wangu hurudi kwenye lile vumbi. Baadaye kampuni moja ya uchorongaji ilimchukua kwenda Kanada, kaskazini kabisa, kwenye migodi yao. Aliondoka hata vitambaa vya harusi havijapauka. Na mtu huyo aliyejaza chumba mchele kwa ajili yangu ndiye leo alikuwa amesema ni neno tu.

"Kwa hiyo umenitaliki mbele ya Donatus," nikasema huku natazama nje.

"Sijakutaliki."

"Hajaolewa maana yake nini kwenu huko?"

"Zipora, nataka uje."

"Nije nikiwa nani?"

Alibadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa.

*

Shangazi Klara alikuwa uani anaanika michembe ya viazi vitamu kwenye turubai, na alipotuona alinyoosha mgongo huku akilalamikia kiuno chake kwa sauti, kama kawaida yake.

"Mwadila, wanangu."

"Mwadila, shangazi. Shikamoo," alisema Luka, akainama.

"Marahaba, mkwe. Mhola?"

"Mhola."

Kwetu mkwe hamkodolei macho shangazi wa mkewe. Luka alichukua kigoda akakikalia upandeupande, uso ukiangalia zizi, na shangazi naye akawa anaongea na mimi maneno yaliyomlenga Luka. Ndivyo tunavyoheshimiana. Alituletea matobolwa, vile viazi vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga na chai ya rangi, kisha akanisoma usoni kwa muda mfupi.

"Umegombana na mwenzio."

"Tumetoka kuniandikisha kuwa sijaolewa, shangazi."

Nilimweleza yote. Shangazi hakuelewa viza wala udhamini, lakini hajaolewa alilielewa vizuri sana. Aliweka sinia chini.

"Ng'ombe wa ukwe walifika hapa mchana kweupe. Kijiji kizima kilisimama barabarani kuwaona. Baba yako akaita wazee, wakala, wakanywa, wakabariki. Leo utaandikwa hujaolewa, wale ng'ombe walikuja kufanya nini, kutembea?" Aliligeukia zizi, ndiko alikokuwa anatazama Luka, ila alihakikisha macho yao hayakutani. "Mwambie mkwe wangu kwamba kaka yangu akisikia habari hii hatakula. Mimi nitakula, maana nina njaa, lakini nitakula kwa hasira."

"Nimesikia, shangazi," alisema Luka kwa sauti ya chini.

Shangazi akaingia ndani kutafuta albamu, huku akiendelea kusema peke yake. Tukabaki wawili. Luka alikuwa ameshika tobolwa moja mkononi bila kulila, yeye ambaye kwenye simu alikuwa ananisumbua kila wiki kwamba anaota matobolwa.

"Niambie ukweli," nikamwambia. "Unanionea aibu? Kuna mwanamke kule?"

Alishtuka hata akanigeukia mzima. "Mwanamke gani? Kule kuna theluji na mashine. Mimi natoka kazini naingia chumbani."

"Basi kwa nini neno lile limekutoka kirahisi namna ile?"

Shangazi alirudi na albamu, akaiweka magotini mwangu, akatuona tulivyo, akaamua kwamba michembe yake inahitaji kugeuzwa upande wa mbali. Luka alinyoosha mkono akaifungua albamu mwenyewe. Hakutafuta sana. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha kubwa, ya mlangoni mwa kanisa, mimi na yeye katikati, shangazi nyuma yangu, mkono wake umenizunguka mgongoni.

"Hii ninayo ukutani kule," alisema. "Juu ya kitanda. Kuna mzee anapika kwenye kambi yetu, mtu mwema sana. Siku moja aliingia chumbani kunipa supu nikiwa na mafua, akaitazama. Akaniuliza kwa nini mke wangu analia."

Niliitazama picha. Uso wangu umeinama, midomo imebanwa, macho yamelowa. Ukiniona unaweza kusema nimeletwa msibani.

"Si ungemweleza?"

"Nilimweleza. Nikamwambia kwetu bibi harusi hacheki. Akicheka wanasema alikuwa na haraka ya kutoka kwao. Mzee akaitikia, akaondoka. Lakini Zipora, swali lake halikuondoka naye." Alifunga albamu, akaifungua tena. "Unakaa peke yako mahali ambapo jua linazama mchana, unaanza kuangalia picha moja kila siku. Nikaanza kujiuliza. Huyu binti alikuwa na biashara yake, ana mashine yake, watu wa Kagongwa nzima wanamjua. Nikamwoa, nikamwacha. Sijawahi kumuuliza kama siku ile alifurahi. Labda alikubali kwa sababu nilikuwa king'ang'anizi wa mchele. Labda alikubali kwa sababu ng'ombe walishafika."

"Luka."

"Ngoja nimalize, sina kawaida ya kusema, nikikatishwa nitanyamaza. Donatus aliposema hajaolewa, mimi nilisikia kitu kingine. Nikasema, vizuri, aje akiwa hana kamba. Aone baridi, aone nilivyo kule. Akipenda akae. Asipopenda arudi kwenye mashine yake, asione kwamba kuna karatasi imemfunga. Ndiyo maana nilisema andika." Akaweka kidole kwenye uso wangu pichani. "Nilikuwa nakuogopa, mama mchele. Nilikuwa naogopa ule uso."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi tangu mjini. Nilikuwa na maneno makali nimeyapanga mdomoni kama magunia stoo. Yote yakaniponyoka, na mahali pake kikaja kitu nilichokuwa nimekibana tangu siku ile ya harusi. Kicheko. Kilianzia tumboni, kikapanda, nikaanza kutikisika hadi karanga zikamwagika.

"Unanicheka?"

"Luka, hukusikia viatu vyako?"

"Viatu gani?"

"Vya harusi. Vile ulivyoazima kwa Abel."

Alinitazama kama mtu aliyeanza kuwa na wasiwasi na akili za mkewe. Shangazi Klara, ambaye masikio yake hayakuwa mbali kama michembe yake, alisimama wima kule turubaini, akajiziba mdomo kwa khanga.

"Vilikuwa vinalia," nikasema. "Kila hatua. Kwi, kwi, kwi. Kutoka mlangoni hadi madhabahuni, kanisa limenyamaza, na wewe unatembea kwa heshima zote, kidevu juu, kwi, kwi, kwi. Mimi niko kando yako nakufa. Ukipiga magoti, kwi. Ukisimama, kwi. Padri alisita katikati ya sala akaangalia chini kutafuta kifaranga."

"Si kweli."

"Ni kweli," alisema shangazi akiwa kulekule, na kwa mara ya kwanza alimwelekea mkwe wake moja kwa moja, kisha akakumbuka akaligeukia zizi. "Kanisa zima lilisikia."

"Mbona mimi sikusikia?"

"Masikio yako yalishaliwa na mashine ya kuchoronga. Na ulikuwa unaogopa. Mkono wako ulikuwa umelowa kama mtu aliyetoka kunawa." Nilimwonyesha picha. "Unaona mkono wa shangazi mgongoni kwangu? Umekuwa ukidhani ananibembeleza?"

Luka akainama karibu na picha.

"Alikuwa ananifinya. Alinifinya tangu tulipotoka madhabahuni hadi mpiga picha alipomaliza, na ananiambia sikioni, ukicheka nakuua, ukicheka umetuaibisha ukoo mzima. Haya machozi ni ya kucheka yaliyochanganyika na ya kufinywa. Midomo nimeiuma mpaka jioni nilishindwa kula pilipili. Sikuwahi kuwa na furaha ya namna ile maishani mwangu, na sikuruhusiwa kuonyesha hata jino."

Nilimwona akiirudia siku ile nzima kichwani, akiipaka rangi upya. Kisha mume wangu, ambaye hulia kwa nadra kama mvua ya Kishapu, alifunika uso kwa mikono yake miwili, mabega yakatikisika, na sikujua kama anacheka au analia. Nadhani hata yeye hakujua. Shangazi aliamua kwamba sasa ndani kuna kitu amekisahau.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umependeza mno. Nilisema nitakuambia tukizeeka."

Nikamshika mkono. Ulikuwa umelowa vilevile.

*

Asubuhi tulikuwa mlangoni kwa Donatus kabla hajafungua.

"Andika nimeolewa," nilimwambia hata kabla hajavua kofia ya pikipiki. "Andika mume wangu yuko kule, jina lake Luka, nakwenda kumtembelea. Andika nina mashine inanisubiri Kagongwa na nitarudi kuiendesha viza ikiisha. Na ukiwa na nafasi, andika kwamba ataniombea udhamini, na hilo litafuata njia yake."

Donatus alimtazama Luka kuomba msaada.

"Nilisoma jana usiku," alisema Luka. "Sheria ya kule haikatazi kutembea huku unasubiri ukaazi. Inakataza uongo. Tukidanganya leo, kesho ninapomdhamini watatushika kwa maneno yetu wenyewe, na hapo nitakuwa nimempoteza kweli."

"Wakikataa viza?"

"Watakuwa wamemkatalia mke wangu," alisema. "Nitaomba tena kwa ajili ya mke wangu."

Nilitamani kumbusu mbele ya stesheneri yote. Nikajizuia, Shinyanga ni ndogo.

Ilibaki picha ndogo ya maombi. Jirani na Donatus kuna studio ya dada mmoja anaitwa Shamimu, ushungi wake daima umenyooka kama umepigwa pasi kichwani. Alinikalisha kwenye kiti mbele ya kitambaa cheupe, akanigeuza kidevu, akarudi nyuma ya kamera.

"Dada, hii ya viza usicheke. Funga mdomo, tazama hapa, sura ya kawaida."

Usicheke. Nilisikia sauti ya shangazi Klara na nikahisi vidole vyake mgongoni. Nikavuta pumzi. Ningefaulu, nadhani, kama nisingemtazama Luka. Alikuwa amesimama nyuma ya Shamimu, amekunja mikono, uso wa mtu mzito kabisa. Polepole akainua mguu mmoja, akaushusha sakafuni kwa heshima zote, kidevu juu. Akainua wa pili.

Viatu vyake vya sasa havitoi sauti hata kidogo. Haikusaidia.

"Dada," alisema Shamimu. "Nimesema usicheke."

"Samahani."

Tulirudia, na kurudia, hadi Shamimu akamgeukia Luka na kumwambia asimame nje. Alipotoka niliuma midomo, nikainamisha macho kidogo, nikayainua. Mwanga ukapiga.

Picha zilipotoka, Shamimu aliziangalia akasikitika. "Imekaa kama unataka kulia. Turudie?"

Luka alizichukua mkononi mwake. Alisimama pale mlangoni akazitazama, kisha akatoa simu yake, akafungua ile ya harusi, akaziweka pamoja. Ulikuwa uso uleule. Midomo ileile, macho yaleyale yaliyolowa.

"Hapana," alisema. "Hii ndiyo yenyewe."

Moja aliitia kwenye pochi yake. Nyingine tukampelekea Donatus.

*

Uwanja wa ndege wa Mwanza tulifika jua likishuka. Abel alibaki kwenye pikapu ili atuachie nafasi. Mzigo wa Luka ulikuwa matobolwa zaidi kuliko nguo, na kilo mbili za mchele ambazo alisisitiza kuzinunua kwangu, akanilipa, akadai na chenji.

"Yule mzee akiniuliza tena kwa nini mke wangu analia," alisema, "nitampa jibu."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia anacheka. Nitamwambia mimi ndiye ninayemchekesha."

Alinikumbatia hadharani, kitu ambacho Luka wa Geita asingethubutu. Alinukia michembe na vumbi la nyumbani. Kisha akachukua begi, akavuka ule mstari ambao wasio na tiketi hawavuki, akaenda akitembea kwenye marumaru zile zinazong'aa. Nilitega sikio. Nilisubiri hata hatua moja ilie. Haikulia. Alifika mwisho, akageuka, akainua mguu mmoja, akaushusha kwa heshima zote, akaingia ndani.

Nilibaki nimesimama, nimeuma midomo. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amekaa na mizigo yake alinivuta mkono, akanitazama usoni kwa huruma.

"Pole, mwanangu. Usilie, atarudi."

"Silii, mama," nikamwambia. "Nacheka."

Safari hii nilikuwa nalia.